Mwaka wa Kwenda Lanet

Kila Desemba darasa letu la mazoezi likifungwa, miguu yangu hukosa kazi na kichwa kinaanza kukimbia badala yake. Wanachama wetu wengi wana nyumbani kwingine: Kakamega, Busia, Molo, Nyahururu. Shule zikifungwa wanapakia mizigo na watoto, wanaondoka, na mtaa wetu wa Free Area unabaki na vumbi na sisi tusio na shamba la kurudia. Mimi nilizaliwa Bondeni, kwenye nyumba za kaunsili ya mji, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli. Nyumbani kwetu ni Nakuru hii hii. Kwa hivyo Desemba ni mwezi wangu wa kupanga.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa bado wawili, mimi na mwenzangu. Tulijuana kiwandani, kwenye timu ya netiboli ya wafanyakazi. Yeye alikuwa mfungaji, mimi nilikaa nyuma kuzuia. Kiwanda kilipopunguza watu tulipunguzwa pamoja, na kwa sababu hatukujua la kufanya na miili iliyozoea kukimbia, tukaanza kuwakusanya wanawake wa mtaa asubuhi na kuwafanyisha mazoezi uwanjani. Mvua ilipotufukuza uwanjani tukapata ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, ila siku za kuruka kamba alitoka nje na kutazama juu, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja dari imwangukie. Alisema misumari yake ilikuwa inacheza ndani ya makopo.

Kazi tulikuwa tumeigawana bila kuizungumzia. Yeye alisimama mbele, akihesabu kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, akitania, akimpa kila mtu jina la kubuni. Mimi nilizunguka nyuma. Nilimshika kiuno aliyepinda mgongo, nikamsogeza nyayo aliyechuchumaa magoti yakielekea ndani. Halafu ni mimi niliyepanga: nani aje asubuhi, nani jioni, mwezi gani tukaze na mwezi gani tulegeze. Miaka yote hiyo sikuwahi kusimama mbele zaidi ya dakika chache, na dakika hizo zilinitoa jasho kuliko mazoezi yenyewe.

Kupanga mwaka wa darasa kama letu kunataka mtu anayewajua watu wake. Januari ukumbi hujaa, kila mtu ameapa kuondoa tumbo la Krismasi. Shule zikifunguliwa akina mama wanapotea, na wakirudi wanarudi wamechoka. Machi unaanza kutazama mawingu, kwa sababu mvua ndefu zikishika, wanaotoka mbali hawafiki. Julai baridi inawafunga watu kwenye blanketi. Oktoba wanarudi mbio, kwa sababu kuna harusi za Desemba na nguo zimeshapimwa. Usipoyajua haya utajikuta umewasha spika katika ukumbi mtupu.

Mwaka ule nilikuwa na wazo lililoninyima utulivu. Nilitaka tufungue darasa la pili Lanet, nje kidogo ya mji. Nyumba mpya zilikuwa zinaota kule kila mwezi, na ndani yake kulikuwa na wanawake vijana, wake za wanajeshi, walimu, wauguzi, ambao jioni walionekana wakitembea kando ya barabara kuu katika raba nzuri, magari makubwa yakiwapulizia moshi. Nilikuwa nimewaona mara nyingi. Kila nikiwaona, nilihisi kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Mwenzangu alikuja kwangu siku ya kupanga, kama kawaida. Nilitandaza kalenda mezani, ile kubwa ya duka la mbegu yenye picha ya ng'ombe, nikapika chai. Mipango yetu ilikuwa vita vya kila mwaka. Nikisema tukimbie, alisema tucheze. Nikisema tupumzike Agosti, alisema nani amekuambia wewe umechoka. Nilijiandaa kwa vita hivyo tangu wiki iliyotangulia, na hoja zangu zote nilikuwa nazo.

"Jumatatu na Jumatano asubuhi tuende Lanet," nikasema. "Siku zingine tubaki hapa."

"Sawa."

"Mbele usimame wewe, kama hapa. Wale ni wageni, wanataka mtu wa kuwachangamsha."

"Sawa tu."

Nilimtazama. Alikuwa anazungusha kikombe mezani.

"Na ile ngoma yako ya Ijumaa," nikasema, "naona tuitoe."

Hapo nilikuwa namchokoza. Ngoma ya Ijumaa aliipigania miaka mitatu mizima. Ilikuwa saa nzima bila kuhesabu, watu wakicheza wanavyotaka, na mimi nilikuwa nimeipinga kwa sababu haikuwa na mpangilio.

"Itoe," akasema. "Wewe panga tu. Uko vizuri kwa kupanga."

Alikunywa chai, akaniuliza kuhusu watoto, akaondoka kabla mvua haijanyesha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji na huwa hasikilizi mambo ya mazoezi, aliinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa ameifungua sakafuni.

"Leo hamjagombana," akasema.

"Hatujagombana."

"Anaumwa?"

Nilichukua sufuria ya chai nikaanza kuisugua. Nikasugua na nyingine ambazo hazikuwa chafu. Mpango mzima ulikuwa umepita kama nilivyoutaka, na nilikuwa na hofu kama mtu aliyeitwa na daktari arudi kwa ajili ya majibu.

Siku chache baadaye tulienda Lanet kuona mahali. Kulikuwa na kanisa dogo la mabati lenye sakafu nzuri ya saruji, na mchungaji wake, mwanamume mrefu mwenye haya, alikubali tulitumie siku za kazi mradi tusiache viti vimetawanyika. Alikuwa ametangaza ujio wetu Jumapili. Wanawake kama kumi na wawili walikuwa wanatungoja, wengine na watoto mgongoni.

Mwenzangu aliwatazama, akavua koti. Hakusema yeye ni nani. Aliwaambia tu, "Haya, shikeni ukuta kama mnausukuma uanguke," na kabla ya muda mrefu kanisa lote lilikuwa linasukuma ukuta na kucheka. Mmoja alimpa jirani yake mtoto amshikie. Mwingine alivua viatu vya kisigino akavirusha pembeni. Mimi nilikuwa nyuma, nikigusa mabega, nikisema polepole, "Legeza hapa, dada. Pumua." Ilipoisha walimzunguka yeye, si mimi, na hilo sikulishangaa.

"Kochi," mmoja akamuuliza, "ni wewe utatufundisha Januari?"

Aliinama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari, nilizitazama.

"Mtafundishwa vizuri," akasema.

Tulirudi mjini pamoja. Nilitaka kumuuliza, na nikajikuta namweleza kuhusu mikeka, kwamba tutahitaji mikeka zaidi, na jinsi ya kuibeba. Nilizungumza mikeka mpaka tulipoagana.

Wiki ile ya Krismasi sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilihamisha kabati kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kesho yake nikalirudisha. Nilienda sokoni nikarudi bila nilichofuata. Nilifungua ukumbi wetu mtupu nikazunguka ndani peke yangu, nikasikiliza chini mzee wa duka akikata vyuma. Niliibadilisha kalenda, nikaibadilisha tena. Kwa nje niliwaambia watu ni msisimko, kwamba mwaka unaokuja ni mkubwa kwetu. Watoto wangu waliacha kuniuliza ninatafuta nini.

Kati ya Krismasi na mwaka mpya tulikuwa na desturi ya kupanda mlima Menengai na wanachama waliobaki mjini. Mwaka ule walikuja wachache. Kati yao alikuwemo mama mmoja wa makamo ya mama yangu, mjane, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, aliyejiunga nasi kwa sababu ya magoti. Darasani tulimwita Shosh, nyanya, ingawa hakuwa mzee hivyo, na yeye alilipenda jina hilo. Alipanda mlima kwa fimbo, akisimama kila tulipofika kwenye kivuli cha mikalatusi, akisema, "Nyinyi endeni, mimi na mlima tunaongea." Hakuna aliyemwacha.

Juu kulikuwa na upepo ule wa kule, unaokupiga kifuani. Chini, ndani ya shimo kubwa, mvuke ulikuwa unatoka mahali pawili patatu kati ya vichaka na mawe meusi. Watu walikaa kula mahindi na machungwa. Mwenzangu alienda kusimama kando, karibu na ukingo, karibu kuliko nilivyopenda. Nikamfuata nimwambie arudi nyuma.

"Nina neno," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sema."

"Naenda Doha. Kuna hoteli, wanataka mwalimu wa mazoezi, mwanamke. Mkataba wa miaka miwili. Naondoka wiki ya kwanza ya Januari."

Upepo ulikuwa unapiga, na kwa sekunde niliamua sijasikia vizuri. Nilimwambia arudie, akarudia vilevile.

"Umejua tangu lini?"

"Niliitwa Oktoba. Viza ndiyo imetoka juzi."

"Na Lanet? Umesimama mbele ya wale wanawake, umewachekesha, umewaonjesha."

"Niliwaambia watafundishwa vizuri. Sikudanganya."

"Na mimi? Nimekaa na wewe mezani, nimeandika jina lako kila mwezi."

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Hilo liliniumiza, kwa sababu mimi nilikuwa nayo.

"Ningekuambia Oktoba, ungepanga," akasema. "Ungeiweka Doha kwenye kalenda. Ungenipangia nguo za kubeba, siku ya kupiga simu, mwezi wa kurudi. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu kwanza, hata kama ni cha kuniogopesha."

Niligeuka nikaanza kushuka. Sikuwaaga watu. Nilishuka haraka, mawe yakiteleza chini ya viatu, na nyuma yangu nilisikia Shosh akiita, "Kochi! Kochi, polepole, magoti!" Ni maneno yangu mwenyewe aliyokuwa ananirudishia, ninayowaambia kila siku. Sikupunguza mwendo mpaka nilipoziona nyumba.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Mume wangu ana imani kwamba kitu ama kinatengenezeka ama kinatolewa nyumbani, na aliuchukulia mpango wangu hivyohivyo.

"Pigia Lanet uwaambie basi," akasema.

"Wameshatangaziwa."

"Basi nenda uwafundishe."

"Mimi siwezi kusimama mbele."

"Nani amesema?"

Nilifungua mdomo nitaje aliyesema, nikagundua hakuna. Nilitoka nje, nikatembea. Nilipita barabara za Free Area zote ninazozijua, nikavuka, nikaendelea bila kuamua ninakwenda wapi, na miguu ilipochoka nilikuwa Bondeni, mbele ya nyumba ya mama yake mwenzangu. Ni nyumba kama ile niliyozaliwa, safu moja na nyingine, mlango na dirisha, mlango na dirisha, na uwanja mwembamba katikati ambako kila mtu huanika nguo.

Alikuwa amekaa mlangoni anaosha viatu vya raba kwa mswaki. Ndani niliona sanduku limefunguliwa kitandani.

"Umekuja kunitukana au kunisaidia kufunga sanduku?" akauliza.

"Bado sijui."

"Kaa basi ujue."

Nilikaa. Aliosha kiatu, akakigeuza, akakiosha tena. Nilimwambia siwezi Lanet. Nilimwambia nitawapigia simu. Nilimwambia mimi ni mtu wa nyuma, kila mtu anajua, sauti yangu haifiki popote, na kwamba yeye alijua hivyo alipokuwa anasema "wewe panga tu". Nilipomaliza aliweka kiatu juani.

"Simama pale," akasema, akionyesha katikati ya uwanja.

"Kwa nini?"

"Simama tu."

Nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta: mashuka, suruali za kazi, sare za shule zilizofuliwa zingoje Januari.

"Hao ndio darasa lako," akasema. "Wafanyishe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikanyanyua mikono, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Jirani alitokeza kichwa dirishani.

"Unahesabu kama mtu anayeuliza swali," mwenzangu akasema. "Hesabu kama mtu anayejua nane inakuja."

Nikaanza tena. Akaniambia nimeinama. Nikaanza tena. Akaniambia ninaangalia viatu, na viatu havilipi ada. Watoto walikuwa wamekusanyika, wakaanza kuniigiza, wakichuchumaa na kuanguka. Jirani dirishani akaniuliza kwa lugha ya mtaani, "Mathe, ni maombi au ni nini hiyo?" Uso ulinichoma. Hasira yote ya Menengai, ya chai, ya jina lake nililoliandika kila mwezi, ilipanda mpaka shingoni, na nilipohesabu tena nilimhesabia yeye, nikimtazama machoni, na sauti iliyotoka sikuijua. Ilitoka chini, tumboni, nzito. Jirani aliufunga mdomo. Watoto walianza kufuata, kweli kweli sasa, magoti juu, wakienda na mimi. Nilifika nane nikarudi moja, nikafika nane, nikarudi.

Aliponisimamisha nilikuwa nahema. Yeye alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye sabuni, jambo ambalo lilimfanya afute zaidi.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo wanataka Lanet."

Nilimsaidia kufunga sanduku. Nguo zake nilizikunja upya zote, na aliniacha. Hakuniomba msamaha na mimi sikuomba. Kumsindikiza stejini, kwenye kituo cha magari, alinikataza. Alisema tutalia mbele ya makanga wa matatu. Aliondoka alfajiri, nami nikajua tu kwa sababu simu yake haikupatikana siku nzima.

Januari ilikuja na upepo wa vumbi. Jumatatu ya kwanza Lanet walikuja wengi kuliko siku ile ya kwanza, na waliponiona peke yangu wakatazama mlango nyuma yangu.

"Yule kochi mwingine?" akauliza yule aliyeuliza mwanzoni.

"Amesafiri. Leo ni mimi."

"Atarudi lini?"

"Leo ni mimi," nikasema tena, na kabla hawajaendelea nikaanza kuhesabu.

Sitasema niliwachekesha. Sina kipaji hicho. Wengine hawakurudi Jumatano, na sikuwalaumu. Lakini waliorudi walikuwa na maswali, na maswali ndiyo ninayoyaweza: kwa nini kiuno kinauma nikibeba maji, kwa nini siwezi kukaa chini na kuinuka bila kushika kitu tangu nilipojifungua. Niliacha kuhesabu nikawajibu. Nilizunguka kati yao. Nilijikuta ninafundisha nikiwa katikati, si mbele wala nyuma, na kanisa la mabati halikunidai zaidi ya hapo.

Kilichonishinda ni kufundisha mahali pawili. Kupiga kelele Lanet asubuhi, na Free Area asubuhi nyingine na jioni, katika vumbi lile, kulinikata koo. Februari haijaisha niliamka siku moja sina sauti kabisa. Nilifungua mdomo kumwita mtoto, pakatoka hewa. Nilienda ukumbini hivyo hivyo, shingo imefungwa leso, nikawaandikia wanachama ubaoni kwamba leo hatutafanya, sauti imeisha.

Shosh alisoma, akaegemeza mkoba wake ukutani.

"Sauti yako imeisha," akasema. "Yangu haijaisha."

Nilitikisa kichwa. Hajui ratiba. Hajui kwamba Alhamisi ni miguu. Nilitaka kumweleza hayo yote na sikuweza, na sidhani ningenyamaza ningekuwa na sauti. Alienda mbele akasimama, mguu wake mbaya umetangulia kidogo, akafumba macho kama wanavyofanya kwaya wakitafuta noti. Halafu hakuhesabu. Aliimba. Ulikuwa wimbo wa kupokezana, wa kwao magharibi, yeye akianza na wengine wakiitikia, na kwenye kila itikio watu walichuchumaa na kuinuka. Waliojua maneno waliimba, wasioyajua walivuma. Sakafu ilitetemeka. Nilifikiria misumari ya mzee.

Nilitaka kuwasimamisha, kwa sababu waliingia kwenye mazoezi mazito bila kupasha mwili moto, na kwa sababu haikuwa siku ya miguu. Badala yake nikaenda nyuma. Niliona magoti ya mmoja yanaelekea ndani, nikayasogeza. Niliona mgongo, nikaushika. Sikuwa nimefanya kazi hiyo bila kuwaza kitu kingine tangu Desemba. Tulipomaliza watu walikuwa wamelowa, na kwenye ngazi nilikutana na mwenye duka amesimama katikati, kofia mkononi.

"Leo mmeleta kanisa?" akauliza.

Nilimwonyesha koo langu. Akatikisa kichwa, akasema wimbo ule mama yake alikuwa akiuimba akipalilia, akarudi dukani. Hakusema neno kuhusu dari.

Sauti yangu ilirudi baada ya siku kadhaa, lakini Shosh hakurudi mahali pake pa zamani, na mimi sikumrudisha. Tulikubaliana: asubuhi mbili za wiki Free Area ni zake, mimi nizunguke nyuma. Kabla hajaanza nilimfundisha kupasha mwili moto na kuusikiliza moyo wa mtu. Alisikiliza, akachukua alichokipenda, akakiacha kingine. Tuligombana. Nililala vizuri siku hiyo ya kwanza tuliyogombana.

Lanet haikwenda ilivyokuwa kwenye kalenda. Mvua zilipokuja, njia ya kutoka barabarani mpaka kanisani iligeuka tope, na mchungaji akaomba tusimame mpaka kukauke, sakafu yake ilikuwa inaharibika. Tulisimama wiki nyingi. Nilidhani wote watapotea. Tulipofungua tena walikuwa wachache, ila hao wachache walianza kuleta dada zao, na kufikia Septemba mchungaji mwenyewe alikuwa anajificha mlango wa nyuma akifanya mazoezi ya mgongo aliyoyaona kwetu. Siku moja nilimkuta. Nilimrekebisha bega, nikaendelea na shughuli zangu kana kwamba sikumwona.

Mwenzangu alipiga simu mara kwa mara. Alisema ukumbi wao una baridi ya mashine na vioo pande zote, na wageni wanafanya mazoezi bila kuongea, kila mtu na masikio yake ameyaziba. Alisema mwanzoni alihesabu kwa sauti yake ile, meneja akamwomba apunguze. Sasa amezoea. Analala vizuri, anakula vizuri, amemjengea mama yake choo cha ndani. Sikusikia majuto katika sauti yake, na nilisikiliza sana.

Oktoba alinitumia ujumbe wa sauti. Hoteli ilikuwa inataka mwalimu mwingine, mwanamke, anayejua kurekebisha watu walioumia mgongo na magoti. "Nimewaambia habari zako," alisema. "Nimewaambia hakuna kama wewe. Nijibu."

Wiki nzima nilitembea na ule ujumbe mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Nilikuwa Lanet nikiwaza vioo, na mbele ya jiko nikiwaza sauti yangu ndogo ndani ya ukumbi wa baridi, mahali ambapo hata hawataki sauti kubwa. Kumbe kuna mahali duniani ambapo upungufu wangu ni sifa. Nilienda mjini nikapiga picha za pasipoti, nikaziweka kwenye droo. Nilimweleza mume wangu. Alifunga friji ya mtu aliyokuwa anaitengeneza, akaketi juu ya boksi.

"Unataka kwenda?" akauliza.

"Nataka kutaka. Sijui kama nataka."

"Ukienda tutakula vibaya," akasema, "lakini tutakula." Alikuwa anasema kweli. Ningeweza kwenda. Ningekuwa nimezuiwa ningejua la kufanya; ningekasirika, nikaenda.

Nilimpigia mwenzangu Jumapili mchana, watoto wakiwa nje. Nilimwambia hapana. Nilijaribu kumpa sababu, nikampa tatu nne, na hakuna hata moja iliyotosha peke yake: watoto, Shosh na magoti yake, wanawake wa Lanet ambao sasa wanainuka kutoka chini bila kushika kitu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilijua utakataa," akasema.

"Basi mbona ulinipa taabu yote hiyo?"

"Nilitaka na wewe uulizwe," akasema. "Mtu akikaa mahali, akae akiwa ameulizwa."

Kisha akaniuliza kama kunanyesha. Nilimwambia kunanyesha tangu Ijumaa, mvua fupi zimeanza vibaya, na kwamba wanawake wa Lanet walikuja wakiwa na gambuti za mpira, wakazivua mlangoni, safu nzima, wakafanya mazoezi na soksi.

"Na soksi?" akasema. "Si watateleza!"

"Wawili wameteleza," nikasema, na tukaanza kubishana jinsi ya kuwafundisha kwenye sakafu yenye maji.